Maswali Aliyouliza Apendi

Wakili Tom Oguttu alipokuwa akihoji shahidi katika mahakama ya Tororo, mijusi walianguka kutoka darini. Anayebisha aende akamuulize Oriokot, askari wa mlangoni, maana ndiye aliyekuwa akiwafagia. Sauti yake ilitokea dirishani, ikavuka barabara, ikaugonga mwamba wa Tororo na kurudi, na iliporudi ilimkuta shahidi ameshakiri zamani, anatafuta leso.

Sauti hiyo hakuipatia Tororo. Aliinoa Kampala kwa miaka ishirini na sita, katika ofisi ya serikali iliyokuwa ikiwawinda watu wanaouza hisa za kampuni zisizokuwepo. Aliwafunga wakurugenzi wenye tai za hariri, akawafunga wahasibu wao, akamfunga na mhubiri mmoja aliyewauzia waumini hisa za mgodi wa dhahabu ambao ulipokaguliwa ulikuwa shimo la choo. Mkurugenzi mwingine aliulizwa swali moja tu, akaomba ruhusa ya kwenda kujisaidia, na alipoonekana tena ilikuwa miezi minne baadaye, anauza matairi Juba. Lakini kesi iliyompa jina ni ile ya makaburini. Kampuni moja ilijaza daftari la wanahisa wake majina ya marehemu mia tatu, na kwenye mkutano wa mwaka wafu wakapiga kura kuliko walio hai. Oguttu alisimama kortini siku tisa, na siku ya kumi watu saba wakapanda gari la magereza. Tangu hapo, ukitaja wanahisa hewa mahali popote kati ya Kampala na Busia, mtu lazima angekujibu, "Mwache Oguttu asikie."

Mkewe Valarie alipofariki, aliacha kazi ya serikali akarudi kwao Busia, mji ambao mtu hunywa chai Kenya akaenda kunyolewa Uganda na kurudi chai haijapoa. Akafungua ofisi ya chumba kimoja upande wa Uganda, akawa anasimamia kesi za biashara: wabia waliogombana, ndugu waliogombea kampuni ya baba, malori ya simenti yaliyoondoka Tororo yamejaa na kufika matupu. Kesi kubwa zilisikilizwa Tororo, naye alikwenda huko kila wiki, miaka kumi na mmoja mfululizo.

Jambo moja watu hawakulijua. Kila Januari Oguttu alivuka mpaka kwenda kwenye kanisa alikobatiziwa Valarie, akamlipia mkewe ada ya mwaka ya chama cha akina mama. Mweka hazina, Mama Nasirumbi, alipokea, akaandika risiti kwa jina la Valarie, akaigonga muhuri, akasema, "Msalimie." Oguttu akajibu, "Nitamsalimia." Basi. Miaka kumi na mmoja, na hakuna kati yao aliyewahi kutaja kwamba mwanachama amelala kijijini Masinya chini ya msalaba wa saruji.

Sasa, mashahidi wengi wa Tororo walisema Kidhopadhola. Oguttu ni Msamia, na Kidhopadhola chake kiliishia kwenye kuomba sukari. Majaji nao walitoka mbali. Kwa hiyo wakili aliuliza kwa Kiingereza, mkalimani akaligeuza swali, shahidi akajibu, mkalimani akalileta jibu. Mkalimani huyo alikuwa Apendi, mjane wa Kirewa, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi upande mmoja. Aliketi kwenye kigoda kati ya wakili na kizimba, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri ugali uive.

Oguttu aliwahi kugundua kitu kimoja. Yeye alikuwa akiuliza swali la maneno manne, lakini Apendi akiligeuza linakuwa refu, linapanda, linashuka, mpaka shahidi anainamisha kichwa, anakohoa, halafu anatoa ukweli wote pamoja na ule ambao hakuulizwa. Siku moja alimdadisi.

"Mama Apendi, mbona maswali yangu yanarefuka hivyo?"

"Kidhopadhola ni lugha ndefu, Wakili."

Akaridhika. Mtu aliyewakamata waongo wa nchi nzima aliridhika na jibu hilo miaka kumi na mmoja.

Kesi aliyokuwa ametangaza kuwa ya mwisho, kisha afunge ofisi na kwenda kufuga nyuki Masinya, ilikuwa ya kinu cha mpunga cha Kirewa. Wakulima mia nne walikuwa wamenunua hisa miaka mingi iliyopita, wengine kwa pesa, wengine kwa magunia, na kinu kikajengwa kikakoboa. Sasa mwenyekiti, Edwin, mtu wa miaka arobaini na gari jeupe, alikuwa amepata mnunuzi. Wakulima walipolalamika alikula kiapo kwamba kinu ni chake peke yake. Wale watu, alisema, walichanga tu kama wanavyochanga kwenye harusi, na daftari la wanahisa halijawahi kuwepo. Vyeti walivyopewa wakulima vilikuwa vimeliwa na mchwa, vingine vimesokotewa tumbaku.

Aliyejua ukweli ni mmoja, Mzee Obore, karani mstaafu wa kambi ya jeshi ya Rubongi, katibu wa kinu tangu tofali la kwanza. Kirewa nzima ilimwona miaka yote akiandika majina kwa wino wa buluu. Lakini alikuja kortini kama shahidi wa Edwin, amevaa koti la kaki lililopigwa pasi mpaka linakata, mkoba wa turubai mapajani, akasema maneno mawili: "Hakuna daftari."

Jaji alikuwa mama mtulivu asiyependa kurudia kauli. "Wakili Oguttu," alisema, "Ijumaa natoa uamuzi. Bila daftari sina wanahisa, na bila wanahisa kinu ni cha mwenyekiti."

Wakulima waliojaa viti vya nyuma hawakuwa na wasiwasi. Walimtazama Oguttu, halafu wakamtazama Apendi kwenye kigoda chake, wakaegemea.

Ndipo wakili wa Edwin, kijana wa Kampala mwenye viatu vilivyochongoka, akasimama. "Mheshimiwa Jaji, nina pingamizi. Mkalimani huyu ana hisa tatu anazodai katika kinu hicho hicho. Hawezi kuwa katikati."

"Ni kweli, Mama Apendi?"

"Ni kweli, Mheshimiwa. Nilitoa magunia matatu, na hayakuwa madogo."

Watu wakacheka, lakini sheria haikucheka. Apendi akakibeba kigoda chake akaenda kukaa nyuma. Akaletwa mkalimani mwingine, Patience, binti mwenye shahada ya kazi hiyo, makini kama mizani ya duka la dawa.

Oguttu akakohoa. Akapanda juu ya vidole vya miguu. "Mzee Obore! Unaidanganya mahakama hii. Kweli au si kweli?"

Patience akaligeuza. Lilikuwa fupi vilevile.

Mzee Obore alimtazama yule binti kama mtu aliyemwagiwa maji ya vyombo usoni. Akachukua kofia yake, akaivaa, akaukumbata mkoba wake, akafunga mdomo. Oguttu akauliza la pili, la tatu, la saba. Bibi mmoja wa nyuma akainuka, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka nje kama anayetoka kwenye nyumba yenye matusi.

Hakuna mjusi aliyeanguka. Jaji akafunga faili. Ilikuwa Jumatano.

Nje, kwenye ngazi, Oguttu alimbana Patience. "Umemwambia nini yule mzee?"

"Ulichosema, Wakili."

"Haiwezekani. Nikisema nilichosema, watu hujibu!"

"Nimegeuza neno kwa neno," Patience alisema, machozi yakimlengalenga. "Naapa."

Oriokot alikuwa ameegemea ufagio wake mlangoni. Alianza kucheka taratibu, akajizuia, akashindwa.

"Wakili, makosa iko hapo hapo. Neno kwa neno! Nani alimtuma? Mama Apendi hajapeleka neno yako hata moja."

"Unasema nini, Oriokot?"

"Unakumbuka ile kesi ya lori ya simenti? Ulimuuliza yule baba, 'Umekuwa mwizi tangu lini?' Mama Apendi akamwambia, 'Baba, wakili anakusalimu. Amesikia ng'ombe yako ilikufa, anasema pole sana. Anasema mtu mwenye watoto wengi anaweza kubanwa mpaka akafanya kitu si yake. Sasa anakuomba, kama baba na baba, hiyo simenti ilipitia wapi, ili leo ulale?' Yule baba akalia. Wewe ukakunja mikono ukatuangalia hivi, kama jogoo."

"Na watu… watu walijua?"

"Kirewa yote inajua. Kwani unafikiri wanapanda boda asubuhi kuja kukusikiliza wewe?"

Oguttu alishika nguzo. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na mijusi?"

Oriokot akaacha kucheka, akamwonea huruma. "Hiyo ilikuwa dawa ya mchwa, Wakili. Serikali inapuliza darini kila miezi mitatu."

Usiku huo Oguttu hakula. Miaka yote hiyo aliwinda watu wanaotembea na vyeti vya kampuni isiyokuwepo, kumbe na yeye alikuwa na chake, amekitundika kifuani, na mali yenyewe ni ya mwanamke wa miwani ya uzi.

Alhamisi alipanda boda boda mpaka Kirewa. Alimkuta Apendi uani kwake ameanika mpunga kwenye turubai, anaugeuza kwa miguu, anatembea humo polepole akiacha mistari kama ya jembe. Oguttu alikuwa ameandaa hotuba njiani. Yule wa boda aliisikia yote na kuisifu.

"Apendi! Kwa ulichofanya, mtu anaweza kufungwa!"

"Karibu, Wakili. Kaa kwanza, kiti kiko kivulini."

"Sikuja kukaa!"

"Basi simama, lakini usinikanyagie mpunga na viatu."

Alisimama. Alijaribu kurudi kwenye hotuba, akakuta umebaki mstari wake mmoja tu. "Ulikula kiapo cha ukalimani."

"Nilikula. Na majibu sijayagusa hata moja. Aliyesema ndiyo, nilileta ndiyo. Aliyetukana, nilileta tusi lake zima, unakumbuka yule wa mwaka juzi. Maswali tu ndiyo niliyavalisha nguo. Ulitaka niyapeleke uchi mbele ya watoto na wakwe za watu?" Aligeuka mwisho wa turubai akaanza mstari mwingine. "Lakini ni kosa. Ungeniuliza vizuri ningekuambia."

"Nilikuuliza. Ukasema Kidhopadhola ni lugha ndefu."

"Si ni ndefu?"

Oguttu alikaa, hakujua amekaa saa ngapi. "Kwa nini hukuniambia, miaka yote hiyo?"

Apendi alisimama katikati ya mpunga. "Ulikuja umefiwa. Mwaka ule wa kwanza ulikuwa unapiga kelele kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya mto. Nikasema, mwache aite. Halafu nikazoea."

Kuku wawili walikaribia turubai. Hakuna aliyewafukuza. Oguttu alivua viatu, akaona soksi ya kushoto ina tundu, akafikiria kuvaa tena, akaacha. Akaingia kwenye mpunga, akaanza kugeuza nyuma yake.

"Kumbe wakili ana kidole," Apendi alisema. "Buruta mguu, usinyanyue. Hivyo."

Walikwenda mistari mitatu.

"Yule Obore," Oguttu alisema mwishowe. "Edwin amemlipa?"

"Obore hanunuliki. Anaogopa."

"Edwin?"

"Wewe. Mezani kwake kuna gazeti la zamani lenye picha yako, Edwin ndiye aliyempelekea. Nililiona mwezi uliopita nilipompelekea mihogo. Kwa nini limpe hofu, hilo silijui. Najua tu kwamba tangu mkewe Aboth afariki yeye si yule. Alikuwa akienda naye kinuni kila Jumamosi, mama anashona magunia, mzee anaandika. Sasa haendi." Alifikiri kidogo. "Usianze na daftari. Anza na Aboth. Na usipitie kwa yule binti, wala kwangu. Miaka thelathini Rubongi, Kiswahili anakijua kuliko wewe. Hapendi kukisema tu, kambini kilikuwa cha kuamrishana. Muombe ruhusa."

"Nifundishe."

Kwa hiyo Apendi akakaa kwenye kiti, akavuta uso, akawa Obore. Oguttu akasimama mbele yake na soksi zake.

"Mzee Obore, habari za nyumbani, daftari liko wapi?"

"Aa! Hujamaliza kunisalimu, mkono wako uko mfukoni mwangu. Rudia."

Alirudia. Alirudia mara kumi na nne. Mara ya kumi na tano Apendi alisahau kwamba ni Obore, akamjibu yaliyo yake, habari za marehemu mumewe na mafuriko ya mwaka ule, na wote wawili wakaja kushtuka kuku wamekula nusu debe.

Ijumaa mahakama ilijaa mpaka madirishani. Mzee Obore alipanda kizimbani na kofia yake, mkoba wa turubai mapajani kama kawaida. Wiki nzima Oguttu alidhani humo mna chakula cha mchana.

"Mheshimiwa Jaji," Oguttu alisema, na watu wa nyuma wakatazamana kwa sababu hawakuwahi kuisikia sauti hiyo, "naomba kuzungumza na shahidi kwa Kiswahili, kama mwenyewe ataruhusu. Patience ataiandalia mahakama Kiingereza."

Jaji alimtazama Obore. Mzee hakukataa.

"Mzee wangu Obore, shikamoo."

"Marahaba."

"Jumatano nilikukosea heshima mbele za watu. Nimekuja na aibu yangu. Naomba unisamehe kabla sijakuuliza chochote, na ukiona hunisamehi, nitakaa chini."

Wakili wa Kampala akaruka. "Mheshimiwa! Hilo si swali!"

"Ni kweli si swali," Jaji alisema. "Kaa, nataka kusikia mwisho wake."

Obore aliivua kofia. Akaiweka juu ya mkoba. "Imepita hiyo," alisema. "Sema."

"Nyumbani hawajambo?"

"Iko mimi tu. Na paka."

"Nimeambiwa Mama Aboth alikuwa akishona magunia ya kinu."

Vidole vya mzee vilianza kutembea juu ya turubai la mkoba. "Mkono yake ilikuwa haraka. Gunia mia moja kwa siku. Watu wanasema sabini. Waongo. Mimi nilikuwa nahesabu."

"Naye alikuwa na hisa?"

Edwin akainama kumnong'oneza wakili wake. Oguttu hakuongeza neno, na kwa mtu kama yeye kukaa kimya ilikuwa kama kubeba gunia. Alimwona Obore akimtazama yeye, halafu mlango, halafu yeye tena, na hapo akaelewa. Lile gazeti. Picha yake. Majina mia tatu ya makaburini na watu saba kwenye gari la magereza. Mzee huyu hakuwa akimlinda Edwin. Alikuwa amekaa mbele ya mtu anayefunga watu kwa ajili ya wafu.

"Mzee," alisema, "naomba nikuambie habari yangu moja, kisha uniulize wewe. Mke wangu anaitwa Valarie. Amefariki huu mwaka wa kumi na mmoja. Kila Januari naenda kanisani kwake Busia, namlipia ada ya chama cha akina mama. Wananipa risiti yenye jina lake. Ninazo zote kumi na moja, ziko kwenye sahani yake ya chai. Siwezi kuwaambia wamfute. Nimeshindwa."

Kalamu ya Jaji ilisimama. Patience alianza kutafsiri, akakosea, akaanza upya. Kule nyuma, Apendi alivua miwani yake akawa anaufunga ule uzi, ingawa ulikuwa umefungwa.

"Wewe?" Obore alisema. "Wewe Oguttu? Ile ya gazeti?"

"Mimi mwenyewe."

"Lakini wewe ulifunga watu. Edwin alinisomea. Alisema daftari yenye mtu alikufa ni kughushi. Alisema wewe ukiona hiyo kitu utanifunga, na jina ya mke yangu itasomwa kortini kama ya mwizi." Sauti yake ilikuwa bado ya karani wa jeshi anayetoa ripoti. "Katibu mzuri anafuta. Mimi najua sheria ya daftari. Mtu anakufa, unapiga mstari. Nilichukua rula. Nilichukua kalamu nyekundu. Mara tatu. Nikashindwa ya Aboth. Halafu nikasema, kama nimeshindwa yangu, nitapigaje mstari ya watu wengine? Nikaacha yote."

"Uliwapigia kura?"

"Apana! Nani anapigia mtu kura yake?"

"Uliuza hisa zao?"

"Wewe!" Mzee alikasirika kweli. "Iko vile ilivyokuwa."

"Basi wale niliowafunga mimi walifanya ambalo wewe hukulifanya. Waliwatuma wafu kuiba. Wewe umewatunzia kiti." Oguttu alisogea mpaka kizimbani, kule ambako kwa kawaida angenguruma. "Jina la marehemu halifutwi, mzee. Linakaa mpaka watoto waje kuchukua kilicho chake. Sheria yenyewe inataka hivyo. Ungelipiga mstari ndipo wangenyang'anywa."

Obore aligeuka kwa Jaji. "Mama, ni kweli? Hamtamfuta?"

Jaji hakungoja tafsiri. "Ni kweli, mzee wangu," alisema, kwa Kiswahili kibovu alichokuwa amekificha miaka yote. "Hapana futa mtu."

Mzee Obore akaondoa kofia juu ya mkoba. Akafungua vifungo, kimoja, cha pili. Akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha magunia kilichoshonwa pembeni kwa mishono midogo iliyonyooka kama ya cherehani. Hakuwa amethubutu kukiacha nyumbani hata siku moja. Wiki nzima Edwin alikuwa amekaa hatua mbili kutoka hapo, anaapa kwamba hakipo.

Patience ndiye aliyepewa kazi ya kuyasoma majina. Jina la kwanza likasomwa, na mtu wa nyuma, bila kuambiwa, akajibu kama mtoto wa shule: "Yuko!" La pili, "Yuko!" Lilipofika jina ambalo Obore alikuwa ameandika pembeni yake, kwa herufi ndogo za buluu, "amepumzika," kijana mmoja dirishani akasema, "Mimi ni mwanawe. Yuko." Tangu hapo hakuna marehemu aliyekosa wa kumwitikia. Wanaosimulia husema mwamba wa Tororo wenyewe uliitika mara mbili, lakini hao ni watu wa Kirewa, usiwaamini sana.

"Aboth, mke wa Obore. Hisa tisa."

Mzee alisimama kizimbani, visigino pamoja. "Yuko," alisema.

Uamuzi haukuchukua robo saa. Daftari likapokelewa, mauzo yakazuiwa, kinu kikabaki cha watu mia nne, walio juu ya ardhi na walio chini yake. Edwin aliondoka na gari lake jeupe, na inasemekana gari nalo liliona haya, lilizima mara tatu kabla ya kufika barabarani.

Nje, watu walikuwa wanambeba Obore, naye anawaamrisha kwa Kiswahili cha kambini wamshushe. Oguttu alimkuta Apendi chini ya ngazi, kigoda chake mkononi.

"Nimeuliza vipi?"

"Umesahau kumuuliza habari za mpunga."

"Lakini?"

"Lakini umeuliza kama mtu aliyefundishwa na mtu." Alirekebisha miwani. "Sasa ndio nyuki?"

"Ndio nyuki." Oguttu aliangalia viatu vyake. Alikuwa amewahi kumkabili mkurugenzi mwenye mawakili kumi na wawili bila jasho, na sasa kola ilikuwa imelowa. "Mama Apendi, kuna swali lingine moja. Sijui namna ya kuliuliza."

"Ni refu?"

"Maneno manne."

Apendi akacheka mpaka Oriokot akachungulia mlangoni na ufagio wake. "Basi bado halijaiva, Wakili. Kaa nalo kwanza. Likishakuwa refu, lilete Kirewa. Mpunga nitauanika mpaka mwisho wa mwezi."

Akakiweka kigoda begani, akaenda kutafuta boda. Oguttu alibaki kwenye ngazi akisogeza midomo, anahesabu kwa vidole, kama mtu anayejifunza lugha.